Je, Wajua? Cc 660, Kilomita 421 kwa Saa

Je, wajua kwamba injini yenye ujazo sawa na wa Kirikuu iliwahi kupita kilomita 421 kwa saa? Naam, Kirikuu hii hii tunayoijua, inayoshusha kreti za soda dukani asubuhi na jioni ikahamisha mtu na kitanda chake. Ujazo ni cc 660. Septemba 2016, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville katika jimbo la Utah, Marekani, wahandisi wa Honda walileta injini ya silinda tatu yenye tabo, iliyotokana na ile ya gari lao dogo la S660. Walikuwa wameifunga ndani ya bodi ndefu, nyembamba, iliyolala chini kama sindano mezani. Chombo hicho wakakiita S-Dream. Dereva Hikaru Miyagi akaingia, akalala zaidi ya kukaa, na wastani wake katika maili moja ukasoma kilomita 421.595 kwa saa.

Hiyo 660 ilitoka wapi? Japan ina sheria ya vigari vinavyoitwa kei: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48. Anayekaa ndani ya mipaka hiyo hupata nafuu ya kodi. Watengenezaji nao wakaafikiana wenyewe kwa wenyewe kwamba nguvu isizidi farasi 64. Ukiona Kirikuu inapanda mlima na tripu ya ndizi huku inalia, elewa kwamba haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Je, wajua adui wa kwanza wa gari la kasi ni nani? Hewa. Utotoni wengi tulitoa mkono nje ya dirisha la basi (usiwafundishe watoto) na tukahisi upepo unavyousukuma nyuma. Basi likitoka kilomita 40 kwa saa likafika 80, upepo ule hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne. Na kwa kuwa sasa unaupasua kwa haraka mara mbili, nguvu inayotakiwa kwa injini inakuwa mara nane. Tuseme gari linahitaji farasi 40 kushinda hewa likiwa kwenye kilomita 160 kwa saa. Kulifikisha 320 utahitaji farasi 320, na hapo hujahesabu matairi wala gia.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nipende zaidi rekodi za injini ndogo kuliko zile za majitu yenye injini za ndege. Mwenye injini ya ndege akikosa kasi anaongeza moto. Mwenye cc 750 hana cha kuongeza. Analazimika kuuliza hewa inapita wapi, inakwama wapi, na kioo cha pembeni kinafanya nini pale.

Jibu la swali la mwisho: kinakula kasi. Kanuni za daraja la mashindano zikiruhusu, kinang'olewa, pamoja na waipa. Mianya ya milango na boneti huzibwa kwa utepe wa kunata. Rimu hufunikwa kwa visahani vya alumini visivyo na tundu, kwa sababu rimu inayozunguka huchota hewa kama feni. Gari hushushwa hadi liguse ardhi kwa macho.

Je, wajua chumvi ya Bonneville ilitoka wapi? Ni masalia ya ziwa kubwa la kale lililokauka. Kila majira ya baridi maji hutuama juu ya uwanda, kisha jua la kiangazi huyakausha na kuacha sakafu nyeupe, tambarare, ngumu. Mwinuko wake ni kama mita 1,280, juu kidogo kuliko Dodoma. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, kwa hiyo inazuia gari kidogo. Lakini injini nayo hupata pumzi pungufu. Ndiyo maana tabo na supachaja hupendwa sana huko: zinarudisha pumzi ambayo mwinuko umeiiba.

Usiidhani chumvi hiyo ni mwamba. Mwaka 1846 msafara wa wahamiaji wa Donner ulipita hapo, na mikokoteni yake ikazama kwenye tope lililofichwa chini ya ganda jeupe. Miaka 168 baadaye, yaani 2014, Wiki ya Kasi ya Bonneville ilifutwa kwa sababu ya maji na ubovu wa chumvi. Ikafutwa tena 2015. Na tena 2022. Njia ambayo zamani ilifika maili 13 imekuwa fupi zaidi, kwani ganda la chumvi limekonda.

Jua la pale hukupiga mara mbili: likitoka juu, na likirudi kutoka chini. Wazoefu hujipaka mafuta ya kuzuia jua chini ya kidevu na kwenye tundu za pua.

Je, wajua kwamba bingwa mmoja wa Bonneville alikuwa meya? Ab Jenkins, mtu wa Utah aliyeutangaza uwanda huo kuliko yeyote, alichaguliwa kuwa meya wa Salt Lake City na akakaa ofisini kuanzia 1940 hadi 1944.

Wiki ya Kasi yenyewe ilianza 1949. Inaendeshwa na SCTA, chama cha madereva wa Kusini mwa California kilichoundwa 1937 na vijana waliokuwa wakikimbiza magari yao kwenye maziwa makavu ya jangwani. Zawadi ya mshindi? Hakuna. Hupewi hata senti. Unapewa karatasi ndogo yenye kasi yako. Ukivunja rekodi kwa kasi inayozidi maili 200 kwa saa, yaani kilomita 322, unaweza kuingia kwenye klabu ya watu wa maili 200 iliyoanzishwa 1953, na hapo unavaa kofia nyekundu. Watu wameuza viwanja kwa ajili ya mambo ya kipuuzi kuliko kofia hiyo.

Rekodi haiandikwi kwa mbio moja. Ukiipita rekodi iliyopo, gari lako hupelekwa kwenye uzio maalumu. Unapewa saa nne za kulishughulikia, basi. Baada ya hapo mikono juu. Kesho yake alfajiri unakimbia tena, na wastani wa mbio hizo mbili ndio unaohesabiwa. Shirikisho la kimataifa la FIA lina ukali wa aina yake: mbio mbili ziwe za kwenda na kurudi, pande zinazopingana, ndani ya saa moja. Upepo uliokusukuma ukienda utakusubiri ukirudi.

Je, wajua kwamba hakuna gari linaloshindana na jingine ubavu kwa ubavu? Kila moja hukimbia peke yake na kushindana na namba. Injini hupangwa kwa herufi, AA zikiwa kubwa kupita zote, kisha kushuka hadi K, ambazo ni za takriban cc 500 kwenda chini. Ukikuta gari limeandikwa BGC/G ubavuni, lisome hivi: B ni injini inayopuliziwa hewa kwa tabo au supachaja, G ni petroli ya kawaida ya mashindano, C ni kundi la kupe na saluni, na G ya mwisho ni ujazo wa kati ya lita 1.5 na 2. Kwa mpangilio huo mwenye kigari anaweza kurudi nyumbani akiwa bingwa ingawa lori la mwenzake limempita kwa kilomita 200. Wahenga walishasema, ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Rekodi ya kwanza kabisa ya kasi ya gari, Desemba 1898 huko Achères, Ufaransa, ilikuwa ya gari la umeme: kilomita 63 kwa saa na ushee, dereva akiwa Gaston de Chasseloup-Laubat. Aprili 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy akafikisha karibu 106, naye kwa umeme. Anayekuambia gari la umeme ni jambo la juzi, mpe tarehe hizo.

Je, wajua mbio za kufikisha cc 750 kwenye maili 100 kwa saa zilivyokwenda? Mapema 1931 Waingereza wawili walikuwa wanafukuzia jambo hilo. Malcolm Campbell alichukua kigari cha Austin Seven hadi ufukwe wa Daytona, Marekani, akapata maili 94. George Eyston yeye alikuwa na MG iliyopewa jina la EX120, yenye injini iliyotokana na ile ya MG Midget ya kununuliwa dukani, ikapunguzwa ujazo ili ienee kwenye daraja. Februari mwaka huo, kwenye uwanja wa duara wa Montlhéry karibu na Paris, akapata maili 103.13, karibu kilomita 166. Magari yenye injini ya kiasi hicho wakati ule yalikuwa ya kwenda sokoni na kanisani.

Eyston hakuridhika. Septemba alirudi Montlhéry ili aende maili 100 ndani ya saa moja bila kusimama. Akaenda 101, kisha akaongeza mzunguko mmoja kwa usalama wa hesabu, na hapo ndipo injini ilipopasuka na gari kushika moto. Alijivuta kutoka kwenye kiti, akapanda juu ya mkia wa gari likiwa bado linakwenda, akaruka. Wenzake walipofika wakakuta gari linaungua na dereva hayumo. Wakatafuta majivu yake, wakatafuta pembeni, hakuna mtu. Kumbe dereva mwingine aliyekuwa akijaribu gari uwanjani alikuwa amemwokota na kumkimbiza hospitali. Alipopona alishonesha ovaroli za asbesto. Leo tunajua asbesto inaua mapafu. Mwaka 1931 tishio lililokuwa mbele ya macho yake lilikuwa moto.

Mtu mwingine wa kukumbukwa ni Goldie Gardner. Aliumia mguu vibaya katika Vita Kuu ya Kwanza, na hakupona sawasawa. Mei 1939 alipeleka MG yake ya EX135 Ujerumani, kwenye barabara kuu iliyonyooka karibu na Dessau. Ndani mlikuwa na injini ya silinda sita ya daraja la cc 1,100. Ikampa maili 203.5 kwa saa, karibu kilomita 327. Mtu mwingine angefunga mizigo arudi kwao kabla vita havijaanza. Gardner aliangalia kanuni, akaona kwamba daraja linalofuata linaanzia juu ya cc 1,100. Basi mafundi wake wakaifungua injini ikiwa ndani ya gari, pale pale, bila kuishusha, wakachonga silinda zote sita kidogo tu hadi ujazo ukafika cc 1,106. Siku mbili baada ya mbio za kwanza akatoka tena: maili 204.2, rekodi ya daraja la cc 1,500. Cc sita juu ya mpaka, rekodi ya pili.

Baada ya vita alicheza mchezo huo huo kinyume. Kwenye barabara ya Jabbeke nchini Ubelgiji, alitoa baadhi ya pistoni ili ujazo upungue. Kwa silinda tatu akaingia daraja la cc 500. Mwaka 1950, kwa silinda mbili tu zinazofanya kazi, akaingia la cc 350 na kupita maili 120 kwa saa. Fundi yeyote wa gereji atakuambia injini yenye plagi moja iliyokufa inavyotikisa gari. Hebu fikiria ya silinda sita iliyobaki na mbili.

Barabara hiyo ya Jabbeke ilikuwa soko kwa watengenezaji wa magari ya kawaida pia. Mei 1953 Triumph TR2 ilipita hapo kwa karibu maili 125 kwa saa, bila kioo cha mbele na ikiwa imefunikwa chini kwa bati ili hewa ipite laini. Mwaka huo huo mwanamke, Sheila van Damm, alikuwa amepita hapo hapo na Sunbeam Alpine kwa zaidi ya maili 120. Gari likitoka Jabbeke na namba nzuri, tangazo lake limejiandika.

Je, wajua kuhusu gari lililoitwa tone la mvua lenye kunguruma? Hiyo ndiyo EX181 ya MG. Wahandisi wa MG kiwandani kwao Abingdon walichukua injini ya cc 1,489, ndugu wa ile ya MGA Twin-Cam iliyokuwa inakaribia kuuzwa, wakaipa supachaja ikatoa farasi 290, wakaiweka nyuma ya dereva. Dereva akawekwa mbele kabisa puani, chali, miguu karibu na magurudumu ya mbele. Magurudumu ya nyuma yalikaribiana mno kiasi kwamba gari halikuhitaji difu. Breki ilikuwa moja tu, ya nyuma. Narudia, moja. Kwenye chumvi yenye maili kadhaa za kupunguzia mwendo, breki ni uzito.

Agosti 1957 Stirling Moss alifika Bonneville kuliendesha. Mvua ilikuwa imelowesha uwanda na timu ikalazimika kusubiri. Tarehe 23, jua likielekea kuzama, akafungiwa ndani na kupita kwa maili 245.64, kilomita 395. Oktoba 1959 Phil Hill, Mmarekani ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia wa Formula One, alilikalia gari hilo hilo. Injini ilikuwa imeongezwa hadi cc 1,506, ujanja wa Gardner tena, ili liingie daraja la lita 2. Akapata maili 254.91, kilomita 410. Probox nyingi za mitaani zina lita 1.5, yaani injini ya ukubwa ule ule aliotumia Moss.

Mfukuzaji mwingine wa rekodi za MG alikuwa Ken Miles, yule yule ambaye filamu ya Ford na Ferrari imemrudisha kwenye midomo ya watu. Mwaka 1954 yeye na Eyston, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, waliiendesha EX179 Bonneville kwa saa 12 mfululizo kwa wastani wa zaidi ya maili 120.

Hapo tumegusa aina ya pili ya rekodi, isiyo na kelele nyingi: ya kuvumilia.

Je, wajua kwamba mwaka 1933 gari dogo la Citroën, lenye injini isiyofika lita 1.5, lilizunguka Montlhéry siku 134 mchana na usiku? Waliliita Petite Rosalie. Lilianza Machi 15 na kusimamishwa Julai 27, baada ya kilomita 300,000, wastani ukiwa 93 kwa saa. André Citroën akatangaza faranga milioni tatu kwa yeyote atakayevunja rekodi hiyo kabla ya mwaka 1935. Hakuna aliyezichukua. Mimi ningependa kujua madereva wa zamu ya usiku walikuwa wanaongea na nani.

Februari 1958 Fiat 500 iliyoandaliwa na Karl Abarth, cc 479 na farasi wapatao 26, ilizunguka Monza siku saba kamili. Saa 168, kilomita 18,186, wastani 108 kwa saa. Basi la mkoani linaweza kupita mwendo huo, ndiyo, ila jaribu kulikamatisha hapo kwa wiki nzima na injini ndogo kuliko tangi la maji ya kunywa.

Oktoba 1966, Yatabe, Japan: Toyota 2000GT, lita 2, saa 72, wastani kilomita 206. Kulikuwa na kimbunga katikati. Walioendesha hawakusimama.

Magari ya kawaida zaidi hayakubaki nyuma. Mazda RX-7 yenye injini ya rotari iliyoandaliwa na Racing Beat ilipata maili 238 Bonneville mwaka 1986. Škoda Octavia ya lita 2 yenye tabo ikapata 227 mwaka 2011, kilomita 365 kwa saa, kutoka kwa gari ambalo Ulaya hutumika kama teksi. Mwaka 2018 Volkswagen Jetta iliyoandikwa ile BGC/G ikapita kwa maili 210.16 na kuchukua rekodi ya daraja lake.

Je, wajua kwamba wanaokimbilia chumvini mara nyingi huongeza uzito badala ya kuupunguza? Kwenye lami, kila kilo ni adui. Kwenye chumvi tairi huteleza, na gari jepesi huzungusha magurudumu bila kusonga, kama Kirikuu tupu kwenye tope la masika. Kwa hiyo hubebeshwa vipande vya risasi, vikipangwa sehemu ambayo tairi za kusukuma zitakanyaga vizuri. Hakuna kona, wala breki ya ghafla. Kuna maili kadhaa za kuchukua kasi taratibu. Uzito hapo ni mshiko.

Vifuniko vya valvu za tairi lazima viwe vya chuma. Tairi likizunguka kwa kasi hizo, nguvu ya mzunguko inaweza kuusukuma mdomo wa valvu ukafunguka na pumzi ikatoka. Kile kifuniko cha plastiki ambacho sote tumekipoteza bila kujali, kule kinaweza kumgharimu mtu roho.

Mgeni haruhusiwi kukimbia kasi yoyote aitakayo siku ya kwanza. Leseni hupanda kwa ngazi: apite salama kwenye kasi ya chini, kisha ya juu kidogo, ndipo afike maili 200. Ndani kuna fremu ya mabomba, mkanda wenye ncha nyingi, mitungi ya kuzimia moto na, kwa wenye kasi kubwa, parachuti mkiani. Dereva pia huonyesha wakaguzi kwamba anaweza kutoka garini peke yake haraka akiwa na nguo zote. Eyston angefaulu mtihani huo.

Na magari mengi hayaanzi yenyewe. Gia zimerefushwa kwa ajili ya mwisho wa njia, hivyo mwanzoni husukumwa na pikapu kutoka nyuma hadi injini ianze kuvuta. Mwaka 2006 JCB walipeleka Bonneville gari la dizeli la Dieselmax lenye injini mbili za jamii ile wanayofunga kwenye vijiko vyao vya kuchimbia mitaro. Andy Green akalifikisha maili 350, kilomita 563 kwa saa. Lililolisukuma kuanza ni trekta.

Je, Afrika nayo imo? Imo. Mwaka 1929 Malcolm Campbell alisafirisha gari lake hadi Verneuk Pan, bonde kavu la Afrika Kusini, akitafuta rekodi ya dunia. Akiwa huko, Machi 11, mpinzani wake Henry Segrave alipandisha rekodi hadi maili 231 kule Daytona, na bonde halikumpa Campbell kasi ya kuifikia. Verneuk kwa Kiafrikana ni kudanganya au kulaghai. Alikuwa ameonywa na ramani.

Kaskazini zaidi katika nchi hiyo hiyo kuna Hakskeen Pan. Hapo watu 317 wa jamii ya Mier waliokota mawe kwa mikono, tani 16,500, kuandaa njia ya gari la Bloodhound, ambalo Novemba 2019 lilifika kilomita 1,010 kwa saa. Si gari dogo, na halina nafasi katika safu hii. Watu 317 wanayo.

Wenye bodaboda wasijione wametengwa. Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, alinunua pikipiki ya Indian Scout ya 1920 yenye cc 600, mwendo wake wa kiwandani ukiwa kama maili 55. Aliichonga kwa miongo mingi kwenye banda lake, akimimina pistoni ndani ya makopo ya zamani. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliweka rekodi ya pikipiki zisizofika cc 1,000 Bonneville: maili 183.59. Mwaka 2014, akiwa marehemu kwa zaidi ya miaka 30, hesabu ilikaguliwa upya ikaonekana walikosea, na rekodi yake ikapanda hadi 184.087.

Mbio zikiisha huja kazi isiyopigwa picha. Chumvi huingia kwenye fremu, kwenye nyaya, kwenye matundu ya milango, na kula chuma polepole. Wenye magari huosha kwa maji ya shinikizo katika mji jirani wa Wendover kabla ya kuanza safari, wakifika nyumbani huosha tena, na bado miaka ikipita huifungua boneti wakakuta unga mweupe kwenye pembe.

Je, wajua uzito wa nani uliwahi kupunguzwa badala ya uzito wa gari? Wa Karl Abarth mwenyewe. Mwaka 1965, akiwa na miaka 56, alitaka kuendesha kwa mkono wake gari la kiti kimoja la Fiat-Abarth 1000 kutafuta rekodi za kuondoka kwa kasi kule Monza. Akajaribu kuingia. Hakuenea. Gari lilikuwa limeshajengwa, na mafundi walikuwa wake, angeweza kuagiza lipanuliwe. Badala yake akaanza kula matufaha. Alipunguza kilo zipatazo 30. Oktoba 20 akaingia, akazipata rekodi za robo maili na za mita 500. Ipo picha yake maarufu akiwa na suti, nyuma ya rundo la matufaha.